Mtoto wa mwaka na nusu kifua kinapiga filimbi kila akipata mafua, ndo pumu tayari?

mama_K_Nkuhungu
Habari za jioni wapendwa, naombeni msaada hasa nyie mnaolea watoto hapa Dodoma. Mwanangu wa kiume ana mwaka na miezi saba, tangu ana miezi mitano akishikwa na mafua tu siku ya pili kifua kinaanza kupiga filimbi, usiku ndo shida yenyewe, nikimlaza anakohoa mpaka anatapika maziwa yote basi nakaa nae begani mpaka alfajiri. Hii ni mara ya nne. Huko nyuma nilikua napewa antibayotiki na dawa ya maji ya kikohozi, mara moja nikaambiwa nimonia, juzi daktari mwingine kamsikiliza muda mrefu akasema inaweza kuwa pumu ila bado mdogo tumuangalie. Hapo ndo nimechanganyikiwa, inakuwaje iwe na isiwe? Baba ake alikua nayo utotoni ikaisha. Mama mkwe anasema ni kimeo, kuna mzee anakata, twende Jumamosi. Tumepanga vyumba viwili, jiko la mkaa nawashia koridoni, na vumbi la huu upepo wa mwezi wa nane mnalijua wenyewe. Vumbi ndo limemletea? Tuhame?

tabibu_Ipagala
Pole sana dada. Kwanza kabisa Jumamosi usiende, nakusihi. Kimeo kila mtu anacho, kinaning'inia pale kooni na hakihusiani kabisa na kifua kupiga filimbi. Nimepokea watoto waliokatwa wakaja wanavuja damu, wengine na maambukizi, na kikohozi kiko vile vile. Mama mkwe anampenda mjukuu wake, mwambie kwa heshima kwamba daktari bado anamfuatilia mtoto.

Sasa kuhusu iwe na isiwe. Njia za hewa za mtoto wa umri huo ni nyembamba mno, kirusi cha mafua kikiingia kuta zinavimba kidogo na makamasi yanajaa, kwa mtu mzima ungekohoa tu lakini kwake hewa inapita kwa shida ndo unasikia ile filimbi. Kwa hiyo watoto wengi wanapiga filimbi na hawana pumu. Kule Tucson Marekani waliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa kuanzia mwaka 1980, katika waliopiga filimbi kabla ya miaka 3 karibu 6 kati ya 10 walipofika miaka 6 walikua hawana tena, walikua wamekua na njia zimepanuka. Waliobaki ndo wale ambao zile njia za hewa zinabaki zimevimba hata mafua yakiisha, misuli yake inabana kwa kitu kidogo tu, moshi, vumbi, baridi ya usiku. Hiyo ndo pumu. Na mtoto mdogo huwezi kumwambia apulize kwenye mashine tupime, ndo maana daktari anaangalia mwenendo, hakukwepa swali lako.

Nikuulize, ngozi yake ikoje? Ana ile tunaita pumu ya ngozi, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti inawasha na kukauka? Anapiga filimbi hata bila mafua, akikimbia au akicheka sana? Alizaliwa kabla ya muda? Kuna mtu anavuta sigara hapo nyumbani? Hayo pamoja na historia ya baba ake ndo yanaongeza uwezekano ikabaki.

bibi_shamba_Chamwino
Mi nauliza tu, mbona sie tumekua na ng'ombe na mbuzi mlangoni, vumbi tunakula tangu tunazaliwa, na hatuna hivyo vifua?

tabibu_Ipagala
Shikamoo mama, swali zuri sana. Hata Ulaya wameona watoto wanaokulia kwenye mazizi wanapata pumu kidogo kuliko wa mjini, inaonekana mwili ukizoea vijidudu vya mifugo mapema haushtuki ovyo. Ila moshi hauna faida hiyo hata kidogo. Nyumba ya tembe moto unawaka ndani, mtoto yuko mgongoni kwa mama ake anavuta yote. Vumbi nalo linachokoza kifua ambacho tayari kimevimba, kwa hiyo dada hamna haja ya kuhama Dodoma, anza na hilo jiko.

mama_wa_wawili_Kisasa
Dada nimesoma huku nalia maana ni mimi kabisa miaka minne iliyopita. Wa kwangu ilikua pumu kweli, alikua na ile ngozi tangu ana miezi mitatu, mafuta yote nimepaka. Kilichoniumiza ni kwamba nilikataa pampu, ile ya kuvuta dawa kwa mdomo, karibu mwaka mzima kwa sababu watu waliniambia akianza hataacha, atakua tegemezi, nikawa nampa sirapu anatetemeka mikono na moyo unamdunda nausikia kwenye kiganja. Siku aliyozidiwa mbavu zinaingia ndani hata kulia hawezi, tulimkimbiza na bajaji saa nane usiku. Nesi akamuwekea pampu kwenye kile kichupa chenye maski, dakika kumi akaanza kuniita mama. Saivi ana miaka sita anacheza mpira.

Kama hela ya kile kichupa hamna waulize hospitali wakuoneshe kutumia chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni, mi nilielekezwa hivyo.

tabibu_Ipagala
Ni kweli, Cape Town walipima mwaka 1999 na chupa ya mililita 500 ilifanya kazi sawa na ya kununua. Ila kwa mdogo hivi tafuta yenye maski maana hawezi kubana mdomo vizuri. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, aachwe apumue mara tano sita ndo ubonyeze tena. Pampu haileti utegemezi. Ile ya kukinga ya kila siku haiamui kama ukubwani atakua na pumu au la, inatuliza uvimbe ili alale na acheze, na hilo peke yake linatosha kuitumia daktari akisema.

Na jifunze kumhesabu pumzi akiwa ametulia, weka saa ya simu dakika nzima uangalie tumbo. Kwa umri wake ikifika 40 au zaidi, au mbavu zinaingia, au anashindwa kunyonya, au midomo inabadilika rangi, usisubiri kupambazuke.

mama_K_Nkuhungu
Mungu awabariki jamani. Alizaliwa wiki ya 35, hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nyuma ya magoti kweli ana mabaka nilijua ni joto. Baba ake anavuta ila anatokaga mlangoni, na mlango wenyewe ndo huo wa chumba tunacholala, leo nimemuonesha huu uzi kasoma mpaka mwisho yuko kimya. Jiko nimelitoa nje chini ya mwarobaini. Nimemhesabu kalala, 34, nimerudia tena 33. Mama mkwe amesema haya ila Jumatatu kliniki twende wote akasikie mwenyewe, nimemrekodi mtoto ile filimbi kwenye simu ili daktari asikie na yeye.

tabibu_Ipagala
Hiyo video usiifute. Na wiki ya 35 mwambie daktari kabla hajakuuliza.