Naomba ushauri: baka la msitu likigawanyika kisha likaungana, linahesabiwa vipi?

Mwanamisitu wa Lindi:
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina ramani tatu za mabaka ya msitu na miombo kwenye vijiji vilivyo chini ya uwanda wa juu wa Rondo, za mwaka 1995, 2008 na 2020, zote zimetokana na picha za setilaiti za Landsat. Ninatengeneza modeli ya kuonyesha ni mabaka yapi yatapungua na yapi yatatoweka. Nimekwama kwenye baka namba 14, ambalo mwaka 1995 lilikuwa moja, mwaka 2008 mashamba yaliligawa vipande vitatu, na mwaka 2020 viwili kati ya hivyo vimeungana tena. Nikiifuata namba 14 kwenye kipande kikubwa, vile vidogo vitahesabiwa kuwa ni msitu mpya, ilhali miti yake ni ya zamani. Nifanyeje?

Mchoraramani:
Ndugu, usiling'ang'anie baka. Zipandanishe ramani, kila pikseli (kijiraba cha picha) ya mita 30 ieleze ilikuwa nini na imekuwa nini, kisha tengeneza jedwali la nasaba linaloonyesha kila kipande kimetoka kwenye baka lipi na eneo lao la pamoja ni kiasi gani. Kipande kuwa na wazazi wawili si kosa. Matriksi ya mpito ya Markov, yaani jedwali la uwezekano wa kila aina ya ardhi kubadilika kuwa nyingine, itakupa kiasi cha msitu utakaopotea, lakini haitakuambia utapotea wapi, kwa hiyo ongeza umbali kutoka ukingoni, barabarani na kijijini, kwa sababu mti uliopakana na shamba hauna usalama sawa na ulio katikati. Jaribu kwanza kuutabiri mwaka 2020 kwa kutumia ramani mbili za mwanzo. Modeli ikishindwa kuizidi dhana kwamba hakuna kilichobadilika, bado haijafaa.

Bibi Shamba Masasi:
Mimi nina shaka na huo muungano wenyewe. Mikorosho mikongwe ikishikana matawi, setilaiti huiona kuwa ni msitu. Angalia pia miezi ya picha, maana miombo hupukutisha majani kiangazi na kuchipua kabla ya mvua. Tena, ramani mbili zenye usahihi wa asilimia 85 kila moja, makosa yake yakiwa hayahusiani, huwa sahihi zote mbili kwa pamoja kwenye asilimia 72 tu ya eneo, na mengi unayoyaita mabadiliko yanaweza kuwa ni makosa ya uchoraji.

Mwanamisitu wa Lindi:
Ahsante sana, dada. Picha ya 2008 ni ya Juni, ya 2020 ni ya Oktoba. Jana nimefika kwenye ule muungano: miti imenyooka kwa mistari, chini pamepaliliwa pakawa peupe, na majani bado yana vumbi la salfa inayopuliziwa mikorosho. Ni mikorosho, na vipande viwili vya baka namba 14 havijawahi kuungana. Ninaichora upya ramani ya 2020 kwa picha ya Juni, mikorosho nikiipa kundi lake, ndipo nitengeneze hilo jedwali la nasaba.