Mrejesho: nyumba tuliyoiacha kwenye baridi

Habari zenu wapendwa. Niliuliza tuiacheje nyumba yetu ya Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, mimi na mzee wangu tukienda kukaa Mesa, Arizona, kusini kwenye joto, miezi ya theluji. Asanteni mno! Tulifunga maji kwenye valvu kuu, tukafungua bomba zote hadi zikakauka, hita tukaiacha nyuzi 13 za Selsiasi. Tumerudi, hakuna bomba lililopasuka.

Ushauri wa kuhamishiwa barua ulifaa nusu tu: bili zilichelewa, bora mlipe mtandaoni. Krismasi tulikwenda Grand Canyon, lile bonde kubwa lenye kina kirefu huko Arizona. Ukingo wa kusini hufunguliwa mwaka mzima, ila uko zaidi ya mita 2,000 juu na theluji ipo. Mzee alivaa makoti mawili bado akatetemeka. Lakini Mesa magoti yake yalitulia kabisa, Mungu awabariki.