Subaru Forester otomatiki imezima Moshi, niivute kwa kamba hadi Arusha?

Wakuu, injini haiwaki kabisa na fundi yuko Arusha. Nikiweka gia N (huru) si inavutika?

— Usithubutu. Pampu ya oili ya gia boksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, matairi yanazungusha vyuma vikavu. Kilomita 80 hivi, kwaheri gia boksi. Tafuta brekidauni ya kubeba.

— Ile ya kunyanyua mbele tu ikatae pia. Gari inavuta mbele na nyuma. Matairi yakipishana mwendo, klachi ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inaungua. Wakati wa kuipandisha, kaza pete ya kuvutia kwenye bampa mpaka mwisho. Swichi ya ufunguo iwe ON, usukani usijifunge. Breki itakuwa ngumu, maana injini ikizima hakuna busta (msaada wa kukanyaga breki).

— Mikanda ya kuifunga gari juu ya brekidauni waifunge kwenye matairi, mkuu.