Shahada ya kwanza ya saikolojia: uzamili wa tiba, idara ya wafanyakazi Naivasha au mradi wa Kisumu?

MkaziWaLanet:
Wanajukwaa, hamjambo. Nimehitimu shahada ya kwanza ya saikolojia, na kufikia mwisho wa wiki ijayo sina budi kuchagua moja kati ya njia tatu. Ya kwanza ni kujiunga na uzamili wa saikolojia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ya pili ni kazi ya msaidizi katika idara ya wafanyakazi kwenye shamba la maua huko Naivasha. Ya tatu ni mkataba wa mwaka mmoja wa ushauri nasaha katika mradi wa vijana mjini Kisumu. Baba anataka nishike kazi yenye mshahara, naye mama anasema kwamba aliyeanza kusoma asiishie njiani. Ipi kati ya hizi ina mustakabali?

MwalimuWaLurambi:
Hongera kwa kuhitimu, ndugu. Hata hivyo, hujatupa mambo ya kutuwezesha kukushauri. Ulipata daraja gani? Karo ya uzamili italipwa na nani? Una mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu? Wakati wa mafunzo ya vitendo ulisimamiwa na mshauri aliyesajiliwa, au ulikaa tu ofisini ukipanga faili? Zaidi ya yote, wataka kukaa na mgonjwa mkiongea ana kwa ana, au wataka tu kazi inayokubali cheti chako? Ukitujibu hayo, nusu ya swali lako litakuwa limejijibu.

Afisa_Naivasha:
Mimi nilisoma saikolojia kama wewe, nami nakuhimiza uje huku kwenye maua bila kusitasita. Shamba kubwa lina wafanyakazi wengi wanaoishi pamoja, wanaogombana, wanaougua na wanaodaiwa mikopo, na msimamizi asiyejua kusikiliza hugeuza ugomvi mdogo wa zamu kuwa mgomo. Saikolojia ya kazini utaitumia kila siku, kuanzia kwenye mahojiano ya kuajiri hadi kumrudisha kazini mama aliyetoka likizo ya uzazi. Lakini usifikiri kwamba shahada yako inatosha. Sheria ya wataalamu wa rasilimali watu ya 2012 inataka anayefanya kazi hii awe mwanachama wa IHRM, taasisi ya wataalamu hao, na awe na cheti cha kuendesha shughuli hiyo, kwa hiyo jiandae kwa CHRP, mitihani ya taaluma hiyo. Unaweza kuifanya huku ukilipwa, jambo ambalo uzamili wa Nairobi hautakupa.

NyarDunga:
Mimi nitasema kuhusu Kisumu, kwa sababu njia hiyo nimeipita. Nilikuwa mshauri katika mradi wa VVU kando ya ziwa, kwenye shirika ambalo sitalitaja. Kliniki yetu ilikuwa kontena lililotobolewa madirisha, na wengi wa niliowahudumia walikuwa vijana waliozaliwa na virusi. Tulikuwa tukimimina vidonge vilivyosalia kwenye kopo, tunavihesabu pamoja, tunalinganisha na tarehe ya kurudi kliniki, na vikizidi ndipo mazungumzo yanapoanza. Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa amevihamishia vyake kwenye kitambaa kwa sababu kopo hulia likitikiswa, naye alilala bweni moja na wavulana wengi. Jambo hilo hakumwambia daktari. Aliniambia mimi, tena baada ya kuja mara kadhaa akinitazama tu.

Kazi yenyewe niliipenda mno. Taabu ilikuwa mkataba. Ulisema mimi ni mshauri, lakini baada ya muda mfupi siku zangu nyingi ziliishia kwenye kuingiza takwimu kwa sababu mfadhili alitaka ripoti. Msimamizi tuliyeahidiwa hakuja, hivyo saa zote nilizokaa na wateja hazikutiwa sahihi na mtu yeyote. Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada ya nje, nasi tukaitwa na kuambiwa tukabidhi rejista na funguo jioni hiyo hiyo. Niliuliza nani atamwona yule kijana katika ziara yake inayofuata, na hakuna aliyenijibu. Nilitoka bila barua ya kuthibitisha nilichofanya. Kwa hiyo, kabla hujatia sahihi, uliza fedha za mradi zinatoka wapi, mkataba unasema nini zikikatika, na ni nani hasa atakayekusimamia.

MkaziWaLanet:
Pole sana, dada, na asante kwa kunieleza kwa kina. Mwalimu, nilipata daraja la pili, ngazi ya juu. Mafunzo ya vitendo niliyafanya katika hospitali moja hapa Nakuru. Nina mkopo wa HELB, na karo ya uzamili bado haijapata mwenyewe, ingawa mjomba ameahidi kusaidia muhula wa kwanza.

MwalimuWaLurambi:
Ahadi ya muhula mmoja haikutoshi, ndugu yangu. HELB wanatarajia uanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekaa kimya hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Waandikie mapema kuhusu hali yako, njia yoyote utakayochagua. Na swali langu la usimamizi bado hujalijibu.

MamaNjoro:
Naheshimu maoni ya wote, lakini nasikitika kuona kijana mwenye daraja zuri akisukumwa mbali na taaluma yake. Mimi ni muuguzi, na ninaowaona wodini wanahitaji zaidi ya dawa. Daktari wa magonjwa ya akili ndiye anayeandika dawa, ilhali mwanasaikolojia wa tiba ndiye anayekaa na mgonjwa wiki baada ya wiki, anayempima kumbukumbu na fikra, na anayeifundisha familia namna ya kuishi naye akirudi nyumbani. Shahada ya kwanza hukufundisha nadharia na takwimu, lakini haikuandai kubeba mzigo huo peke yako, na ndiyo sababu mafunzo ya tiba hutolewa katika ngazi ya uzamili. Tangu 2014 kuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na kutoa huduma hiyo bila kusajiliwa na Bodi iliyowekwa na sheria hiyo ni kosa. Anayekuambia ukodi chumba mjini, uchore bango na kuanza kupokea wagonjwa hakutakii mema.

Afisa_Naivasha:
Hakuna aliyemsukuma mbali, Mama. Ninachosema ni kwamba njaa haimngoji mtu amalize uzamili. Akifanya kazi miaka miwili au mitatu, anaweza kujilipia karo mwenyewe.

MamaNjoro:
Nimewaona wengi waliosema hivyo. Miaka miwili huleta mke, kiwanja na mkopo wa sako, na chuo husahaulika.

MzeeWaKondele:
Mbona hakuna anayezungumzia shule? Kila shule ya sekondari ina vijana wenye huzuni, mimba za mapema na dawa za kulevya. Huyu kijana angefaa sana huko.

MwalimuWaLurambi:
Mzee wangu, natamani ingekuwa hivyo, maana mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha shuleni kwetu, na jukumu hilo ninalibeba pamoja na vipindi vyangu vyote vya Kiswahili. Shule za umma huwakabidhi ushauri walimu waliosajiliwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, na ili usajiliwe kufundisha sekondari unahitaji masomo mawili yanayofundishwa huko. Saikolojia si mojawapo. Hata stashahada ya uzamili ya ualimu haitamsaidia ikiwa shahada yake haina masomo hayo mawili. Shule za kibinafsi huajiri washauri, ila nafasi ni chache.

MzeeWaKondele:
Basi hilo ndilo la kupigania bungeni. Mwanafunzi hawezi kumweleza siri zake mwalimu atakayemwadhibu kesho yake kwa kuchelewa.

MwalimuWaLurambi:
Hapo tunakubaliana kabisa, ingawa mimi siadhibu mtoto aliyekuja kwangu kuzungumza.

DadaWaBungoma:
Samahani kwa kuingilia. Kwa nini asifikirie Makerere? Wana uzamili wa saikolojia ya tiba, na sisi wa upande huu tukivuka Busia tuko karibu na Kampala. Alinganishe karo za pande zote mbili kabla ya kuamua.

MamaNjoro:
Makerere ni chuo kizuri, dada, lakini kwanza aiulize Bodi itaichukuliaje shahada hiyo, na saa za mafunzo atakazofanyia Uganda zitahesabiwa vipi hapa kwetu.

MkaziWaLanet:
Asanteni nyote. Mwalimu, hospitalini nilisimamiwa na mshauri aliyesajiliwa, na kitabu changu cha saa za mafunzo kina sahihi zake. Nimewapigia watu wa Kisumu kuuliza kuhusu msimamizi, nao wamesema watanijibu kwa barua pepe. Kuhusu chanzo cha fedha hawakusema lolote.

NyarDunga:
Waulize tena kuhusu fedha, kwa maandishi. Na hicho kitabu cha saa kipige nakala leo hii, usimwachie mtu yeyote ile halisi.