Magitaa matatu, wimbo mmoja: tofauti ya sauti inatoka wapi?

Mwana wa Kamalondo, Lubumbashi

Ndugu wapiga gitaa, nawasalimu. Kikundi chetu kina magitaa matatu yasiyotumia umeme, na kila tunapoyalinganisha tunagawanyika. La kwanza ni lile umbo kubwa lenye kiuno kipana na nyuzi za chuma, na uso wake ni wa sprusi, ule mti mweupe wa nchi za baridi. La pili ni dogo, nalo la nyuzi za chuma, lakini ni mbao ya akaju (mahogani) mbele na nyuma. La tatu ni la nailoni, lenye shingo pana na uso wa mwerezi.

Tunajifunza mtindo wa zamani wa Katanga wa kidole gumba na kidole cha shahada, ule ambao Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco akiupiga mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Katika upigaji huo gitaa moja hubeba besi na wimbo kwa pamoja. Gitaa kubwa linanguruma vizuri tunapokwangua nyuzi zote kuisindikiza kwaya, lakini nikianza kudonoa, besi inaumeza wimbo. Kwenye lile dogo kila noti inasikika peke yake. La nailoni ni tamu mno, ila halifiki nyuma ya chumba, na mwenzetu mmoja anashauri tulifunge nyuzi za chuma. Wengine wanasema siri iko kwenye mbao za mgongo, wengine kwenye nyuzi. Tofauti hii inatokana na nini hasa, na tulinganishe vipi kwa haki?

Fundi wa Katuba

Ndugu Kamalondo, kwanza mzuieni huyo mwenzenu leo hii. Seti ya kawaida ya nyuzi nyepesi za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi kwa jumla, ilhali za nailoni huvuta karibu kilo 40. Gitaa la nailoni lina uso mwembamba unaoshikiliwa kwa ndani na vijiti vyepesi vilivyotandazwa kama pepeo. Ukilifunga chuma, uso utavimba nyuma ya daraja, yaani kile kipande kilichogundishwa usoni kinachoshika nyuzi, na mwishowe daraja lenyewe litabanduka. Gitaa la chuma lina vijiti vinene vinavyopishana kwa umbo la X, ndiyo maana linastahimili.

Kuhusu mgongo, mimi nasimama upande wa uso. Antonio de Torres, fundi Mhispania ambaye gitaa la nailoni la leo linafuata umbo lake, alitengeneza mwaka 1862 gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi iliyogandishwa kwa gundi, na uso wa mbao nzuri, ili aonyeshe kwamba uso ndio unaozaa sauti. Nyuzi hutikisa daraja, daraja hutikisa uso, na uso ndio unaosukuma hewa. Sprusi ni ngumu lakini nyepesi, kwa hiyo haivurugiki hata ukiipiga kwa nguvu. Mwerezi ni laini zaidi, huitika ukiugusa kidogo tu, lakini ukiulazimisha hufikia kikomo mapema. Uso wa akaju hupunguza ule mng'ao wa juu na uzito wa chini, noti ikatoka kavu na kufa upesi, jambo ambalo kwa mtindo wenu ni faida kubwa, kwa kuwa besi ya kidole gumba inakuwa imeshapisha wimbo unapoingia.

Umbo kubwa nalo lina historia yake. Kampuni ya Martin ya Marekani ililibuni mwaka 1916 kwa ajili ya duka la Ditson, na likapewa jina la manowari ya Kiingereza. Sanduku lake lina hewa nyingi, na hewa nyingi hunenepesha noti za chini. Kuwasindikiza waimbaji ndiyo kazi linayoiweza kuliko yote.

Tena mulikeni ukingo wa tundu la sauti kwa tochi. Mkiona mistari ya mti inashuka kutoka juu hadi chini bila kukatika, uso ni mbao nzima. Mkiona matabaka yaliyobanana, hiyo ni tripleksi, na hapo jina la mti halisemi mengi tena.

Mwalimu wa Kwaya, Ruashi

Fundi, nakubaliana nawe kuhusu uso, ila usiudharau mgongo. Mgongo wa palisanda, mbao ngumu nyeusi-nyekundu, huacha sauti ikidumu na kuvuma chini, akaju huikausha. Tofauti ni ndogo, lakini sikio lililozoea huitambua.

Ndugu Kamalondo, haki ya ulinganisho inaanzia kwenye nyuzi. Yafungeni magitaa mawili ya chuma nyuzi mpya za aina moja na unene mmoja, kwa sababu nyuzi zilizochakaa huliua hata gitaa bora. Mpigaji awe mmoja, na mkono wake ukae mahali pamoja, kwa kuwa ukidonoa karibu na daraja sauti huwa kali, na ukisogea juu ya tundu hulainika. Wasikilizaji wakae mbele wakiwa wamempa mgongo, maana aliyelishika gitaa hasikii kile ambacho chumba kinasikia.

Mwana wa Kamalondo, Lubumbashi

Asanteni sana. Tumemulika: gitaa kubwa ni tripleksi, lile dogo ni mbao nzima. Nyuzi za chuma hazitaligusa la nailoni. Swali lililobaki ni hili: mbona lile dogo limebadilika sauti tangu kiangazi kianze, na nyuzi zimeshuka hadi zinagonga freti, vile vyuma vya shingoni?

Mkaazi wa Likasi

Kaka, mbao nzima hunywa na kutoa unyevu kuliko tripleksi. Gitaa hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na kiangazi chetu cha Katanga hushuka chini ya hapo mchana. Uso umekauka na kunywea, kwa hiyo nyuzi zimelala. Msikimbilie kuinua mfupa wa daraja, kile kipande chembamba ambacho nyuzi hulalia. Lifungieni ndani ya sanduku lake pamoja na sponji yenye unyevu, iliyokamuliwa vizuri na kutiwa kwenye kisahani cha sabuni chenye matundu ili isiguse mbao, kisha mlipime tena baada ya wiki moja.