Mrejesho: ngozi iliyoganda kwenye vidole vya mjusi wangu

Wakuu, niliuliza kuhusu geko wangu aliyejibambua mwili mzima lakini ngozi kuukuu ikabaki imebana vidoleni. Asanteni sana, vidole vyote vimepona! Nilimweka kwenye maji ya uvuguvugu yasiyofika tumboni kwa dakika 15, kisha nikasugua taratibu kwa pamba za masikio. Iliyogoma sikuivuta, maana chini yake kuna ngozi mpya laini. Nilirudia kesho yake. Daktari wa mifugo alieleza kwamba utando huo ukikauka hukaza kama uzi, damu haipiti, na kidole kinaweza kukatika. Sasa ana kikopo chenye tundu, ndani tishu zenye unyevu, na humo ndimo anamojificha rangi yake ikianza kupauka, yaani anapokaribia kujibambua tena. Tishu nabadilisha mara kwa mara zisiote ukungu.