Busia hadi Namugongo kwa miguu na matatu, tukiwa na shangazi wa miaka 67: tupange vipi?

FundiCherehani_Mumias

Habari zenu. Naomba ushauri wa waliowahi kwenda Namugongo, kule kwa Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, kwa miguu kutoka upande wetu huu wa Mumias. Sisemi makundi makubwa ya parokia. Hao nawafahamu: wanaondoka kwa nyimbo na bendera, wanapiga mwendo hata usiku, na ukikaa chini kufunga kamba ya kiatu unawakuta wamefika kilima cha pili.

Mimi nataka kwenda na shangazi yangu. Ndiye aliyenilea. Aliweka nadhiri miaka ya nyuma mwanawe alipougua, mwana akapona, na sasa anasema hawezi kuendelea kudaiwa na Mungu mvumilivu. Miguu anayo, maana anauza mboga na kila siku ya soko anakwenda na kurudi bila boda. Ila goti la kushoto halipendi miteremko. Siku moja anaweza kilomita 12, akiamkia vizuri 15. Kwa hiyo safari nzima kwa miguu haiwezekani, na kupanda basi Busia tukashukie Kampala hataki hata kusikia. Anasema hiyo ni ziara.

Nimepewa likizo ya siku kumi na mbili. Nataka tutembee vipande vizuri na vile vibaya tupande gari. Shida ni kwamba sijui vibaya ni vipi, wala magari ya huko vijijini yanapatikana saa ngapi. Na jambo jingine: yeye ni Mwanglikana, mimi Mkatoliki. Tarehe 3 Juni, sikukuu yenyewe ya mashahidi, tutaachana getini au vipi?

Mpakani_Kila_Siku

Wakenya mnavuka kwa kitambulisho cha taifa, pasipoti si lazima. Lakini pitieni uhamiaji mkaandikishwe, msifuate vijana wa njia za panya eti kwa sababu foleni ni ndefu. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Pesa badilisheni kwenye duka lenye kibali, wale wa kushika noti mkononi waacheni. Zaidi ya hapo mimi si mtu wa kutembea.

Katekista_Mstaafu

Binti yangu, msalimie sana shangazi. Hiyo kauli ya ziara nimeipenda.

Njia hii nimeipita na wazee wenzangu, kwa hiyo nakuandikia kwa mwendo wa wazee. Kwanza, barabara. Karibu kila mtu atakutuma Busia, Bugiri, Iganga, Jinja, kwa sababu ndiyo wanayoipita mabasi. Hiyo ndiyo njia ya malori yote ya Mombasa. Kwa kundi la watu mia mbili wenye bendera, sawa, dereva anawaona. Kwa wanawake wawili na mwavuli, hapana.

Ukivuka Busia shika ile ya kusini, ya Lumino. Inakwenda Namayingo, kisha Mayuge, inatokea Musita kwenye barabara kuu kabla ya Jinja. Siku hizi ni lami. Malori ni machache, kuna migomba, kuna watu mlangoni wa kukusalimia, na maji ya kisima ukiomba kwa adabu unapewa na kiti juu yake.

Sasa magari. Uganda matatu wanaiita taksi, msije mkashangaa. Kwenye barabara kuu taksi zinapita kutwa, ila nyingi zimejaa tangu steji zilikotoka, na konda akikuokota katikati ya njia anaweza kukutoza kama umetoka mwanzo. Patana kabla mguu haujaingia. Kwenye njia ya Lumino na Mayuge mambo ni mengine: gari linaondoka likijaa, na linajaa kwa saa za soko. Alfajiri yanatoka vijijini kwenda mjini, mchana yanarudi. Ukisimama kando ya njia saa kumi jioni ukielekea mjini utasimama na mbu. Jumapili ndiyo kabisa, huko ni boda tu.

Kwa hiyo shika jambo moja hili hata ukisahau mengine: gari ni la asubuhi, miguu ni ya kurudi kitandani. Msitembee mkitegemea kwamba mkichoka gari litakuja. Tafuta mji wenye mahali pa kulala, mkae hapo usiku mbili au tatu, mizigo ibaki chumbani. Asubuhi mpande gari au boda mpaka kilomita 12 kutoka hapo, mshuke, mtembee kurudi kwenye kitanda chenu. Goti likigoma njiani, mpo upande ambao boda wanaujua na bei si ya kutisha. Kesho yake mnavuka kwa gari upande wa pili wa mji na kuendelea. Shangazi hatabeba kitu ila chupa ya maji na rozari. Samahani, kitabu cha sala, nimesahau ni Mwanglikana.

Mayuge ni mahali pazuri pa kufanya hivyo, na kuna sababu nyingine. Karibu na hapo ni Kyando, alipouawa James Hannington, askofu Mwanglikana, tarehe 29 Oktoba 1885. Nyinyi ni watu wa Mumias, kwa hiyo hii ni yenu. Msafara wake ulitoka Rabai, pwani, mwezi Julai mwaka huo, ukafika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Hapo akamwacha shemasi wake William Jones na wapagazi wengi, akaendelea mbele na watu kama hamsini. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa na hofu na wageni wanaoingia kutokea mashariki kupitia Busoga, akatuma amri auawe, na wengi wa watu wake wakauawa pamoja naye. Jones ndiye aliyewarudisha waliobaki mpaka pwani.

Na sisi Wakatoliki tusipite hapo kama hapatuhusu. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki wa ikulu ya Mwanga, alimkemea kabaka huyo kwa ajili ya damu ya askofu huyo, askofu ambaye hata si wa dhehebu lake, na tarehe 15 Novemba mwaka huohuo naye akauawa. Ndiyo mwanzo wa yote mnayokwenda kuyakumbuka Namugongo. Kutoka Mayuge mjini chukueni boda mpaka Kyando, mtembee kurudi.

Kulala: omba barua kwa padre wako na shangazi aombe kwa mchungaji wake, zenye mhuri. Parokia na makanisa ya huko mwezi wa tano wamezoea wageni, lakini barua inafanya mlango ufunguke bila hadithi ndefu. Tembeeni upande wa kulia ili gari linalokuja mlione usoni. Mvua za masika huwa hazijamaliza, na jaketi la riflekta la boda ni rahisi, nunueni mawili Busia.

Mguu_Chuma

Kwa heshima zote mzee, hija ni miguu. Ukipanda gari asubuhi halafu unatembea kurudi ulikotoka, hapo umefika wapi? Watu wanatoka mbali kuliko Mumias na wanaingia Namugongo na malengelenge. Hiyo ndiyo sadaka.

FundiCherehani_Mumias

Nimemsomea shangazi. Amesema nikuulize mashahidi walikuwa na malengelenge mangapi. Kisha ameniambia nisiandike hivyo, lakini nimeshaandika.

Katekista_Mstaafu

Mguu_Chuma, wewe ukifika miaka 67 na ukaweza kilomita 40 kwa siku nitakupigia makofi mwenyewe. Baadhi ya wale vijana wa kundi nimewakuta Jinja wamelala chini ya mti, wamefungwa vitambaa miguu yote miwili, wanapakiwa kwenye gari la mizigo. Hakuna aliyewaambia hija yao imekufa.

Mama_Bugembe

Mimi naishi pembeni ya Jinja, wahujaji wanapita mbele ya duka langu kila Mei. Niongeze ya kutoka Musita.

Musita mpaka Jinja mnarudi kwenye barabara kuu, na pale Kakira ni mashamba ya miwa na matrekta yenye matela. Tembeeni asubuhi mapema tu. Au pandeni taksi mpaka Wairaka, mtembee Bugembe hadi mjini, kipande hicho kina watu, maduka, na chapati yenye mayai ndani kila hatua kumi. Jinja mpumzike siku nzima.

Kuvuka mto Nile kuna daraja jipya la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018. Vukeni kwa miguu, shangazi atafurahi. Lakini simu zibaki mfukoni, askari wa pale hawataki picha.

Baada ya Njeru na Mbiko mnaingia msitu wa Mabira. Hapo, tafadhali, msitembee. Miti imekaribia lami, barabara ina kona, malori yanapitana, na pembeni hakuna pa kukimbilia. Wanaotembea pale ni makundi yenye gari la kuwasindikiza. Chukueni taksi Jinja, mwambieni konda mapema mnashuka Lugazi. Ikisimama Najjembe mtazingirwa na vijana wenye mishikaki na ndizi za kuchoma madirishani. Nunueni hizo ndizi, gonja, kuku ngojeni Namawojjolo, mbele ya Lugazi. Hayo ni maoni yangu na watu wa Najjembe watanichukia.

Mukono ndipo mweke kitanda cha mwisho, na mwahi. Tarehe 1 Juni vyumba vinakuwa shida, tarehe 2 hata sakafu inalipiwa. Kutoka Mukono mtembee mpaka Seeta, hapo ingieni kulia mkiuliza njia ya Sonde. Inawatoa Namugongo bila kupita Bweyogerere na Kireka, ambako siku hizo ni bahari ya watu.

Kuhusu kuachana getini: ndiyo, mtaachana. Makao ni mawili. Basilika la Wakatoliki lenye nguzo 22 za shaba ni pale alipochomwa Karoli Lwanga, kiongozi wa mashahidi Wakatoliki, tarehe 3 Juni 1886. La Waanglikana ni Nakiyanja, mbali kidogo, lina makumbusho yanayoonyesha jinsi walivyofungwa na kuchomwa. Wakatoliki wanahesabu mashahidi 22, Waanglikana 23, na wengi walikufa pamoja. Mnayatembelea yote mawili tarehe 2 mkiwa pamoja, halafu asubuhi ya tarehe 3 kila mtu na misa yake. Pangeni mahali pa kukutana ambapo si "getini", kwa sababu mageti ni mengi na simu hazishiki mtandao ukiwa na watu wengi hivyo.

Wa_Bukoba

Kwa wanaosoma hapa kutoka Tanzania: sisi hatuvuki kwa kitambulisho cha taifa kama Wakenya, beba pasipoti au hati ya safari. Njia yetu ni Mutukula, Kyotera, Masaka, halafu Kampala. Ile kanuni ya mzee ya kutembea kuelekea kitandani inafaa sana Masaka, kuna parokia za zamani pande zote na taksi za vijijini zinatoka kituo kikuu. Mwenye muda apitie pia Kigungu, Entebbe, ambako Padre Lourdel, yule mmisionari wanayemwita Mapeera, alishuka kwa mtumbwi Februari 1879. Na mtumbwi ule ulitokea upande wa Mwanza, msisahau.

FundiCherehani_Mumias

Asanteni sana. Tumekaa jana usiku na daftari la oda zangu, tumepanga hivi. Tarehe 24 Mei matatu mpaka Busia, tuvuke, tulale upande wa Uganda. Tarehe 25 tuanze kutembea kuelekea Lumino mpaka goti liseme, na tufike Namayingo siku inayofuata kwa kutembea na kupanda. Tarehe 27 na 28 kitanda Mayuge, pamoja na Kyando. Tarehe 29 tuingie Jinja, 30 tupumzike na kuvuka daraja. Tarehe 31 taksi ya kuruka Mabira, tushuke Lugazi, kuku Namawojjolo, tulale Mukono. Tarehe 1 tukae hapohapo Mukono tutembee kidogo tu, tarehe 2 Seeta na Sonde. Shangazi amekubali yote isipokuwa kuruka Mabira, anataka ajue kama hakuna hata kilomita mbili za kutembea mle msituni.

Na kurudi je? Tarehe 3 jioni tunaweza kupata gari la Busia?

Mama_Bugembe

Mwambie shangazi akishuka Najjembe anaweza kuzunguka soko mara tatu, hizo ni kilomita zake za msituni.

Tarehe 3 jioni usijaribu. Ni sikukuu ya taifa huku, barabara za kuingia Namugongo zimefungwa kwa magari, kila mtu anatoka kwa wakati mmoja na nauli inapanda ukiwa unaitazama. Mtatembea mpaka barabara kuu na watu wengi mno, na shangazi atakuwa amesimama tangu alfajiri. Laleni, muondoke tarehe 4 asubuhi. Na msiende mpaka Kampala mjini kutafuta basi, mtapoteza nusu siku kwenye foleni. Rudini Mukono kwa boda kwa njia ileile ya Sonde, mchukue taksi ya Jinja pale, kisha Jinja mpande la Busia. Ni magari mawili, lakini mtakuwa na viti.

Katekista_Mstaafu

Hapo amesema sawa. Ongezeni siku moja kwenye likizo kama mwenye kazi anakubali, hiyo tarehe 27 ikinyesha mtaihitaji. Na viatu visiwe vipya. Avae vile vya sokoni.

FundiCherehani_Mumias

Ameuliza nani amekuambia alikuwa ameshanunua vipya.